Mnara umefika ila intaneti haijafika: sera ya serikali inaweza kusaidia nini, na kata idai nini?

SWALI: "Habari mtaalamu. Nafundisha sekondari ya kata, wilaya ya pembezoni mkoani Tabora. Mwaka juzi tulipata mnara wa simu uliojengwa kwa ruzuku ya serikali, viongozi wakaja na sisi tukashangilia. Sasa hivi simu inaita vizuri ila intaneti inazunguka tu. Vijana wetu wakimaliza kidato cha sita wanasafiri hadi wilayani kujaza fomu za mkopo steshenari, nauli kwenda na kurudi na pengine kulala hukohuko. Wazazi wengi wana kitochi, ile simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Na kila huduma siku hizi tunaambiwa ingia mtandaoni. Je, kweli serikali inaweza kuziba hili pengo kwa sera, au ni maneno ya majukwaani? Hapa kijijini wengine wanasema tusubiri Starlink, ile intaneti ya satelaiti, wengine wanasema serikali igawe bando bure. Sisi kama kata tudai kitu gani hasa?"

JIBU: Salama Mwalimu. Nikikuelewa vizuri unauliza mambo mawili kwa pamoja, kwanza kwanini mnara upo na watu bado wako gizani, pili nani mwenye uwezo wa kubadilisha hilo na mnamkamata wapi. Nitajibu yote mawili ila nianze na la kwanza manake watu wengi wanakosea hapo, wakishakosea hapo wanaenda kudai kitu ambacho sicho.

Mnara sio intaneti. Chukua simu janja yoyote, simama uwanjani shuleni, angalia pale juu karibu na alama ya mtandao. Ukiona G au E ujue uko kwenye 2G, ukiona H au 3G umepanda ngazi moja, ukiona 4G hapo ndo intaneti tunayoizungumzia. Alafu nenda zahanati ufanye hivohivo, nenda na kitongoji cha mwisho kabisa. Nina hisia kali kwamba shuleni kwenu mtakuta E, au 4G inayokuja na kupotea. Kwenye E meseji ya WhatsApp ya maandishi itapita, picha itachukua muda, lakini kupakia PDF ya kurasa kadhaa kwenye mfumo wa serikali utangoja mpaka mfumo wenyewe uchoke ukurudishe mwanzo. Simu yako sio mbovu na wala hujakosea kujaza.

Kwanini inakuwa hivo? Sababu zipo kadhaa na kila moja dawa yake ni tofauti. Mara nyingine mnara una vifaa vya 2G tu, basi, hakuna kingine kilichofungwa. Mara nyingine 4G ipo ila imewekwa kwenye masafa ya juu ambayo hayaendi mbali, kwahiyo ukiwa sokoni chini ya mnara unapata, ukivuka mto inabaki simu ya kuongea peke yake. Alafu kuna hili ambalo halionekani kwa macho: mnara wenyewe lazima upate intaneti kutoka mahali, na huko pembezoni mara nyingi hauna waya wa mkongo, unarushiana mawimbi na mnara mwingine, na huo na mwingine, mpaka wafike penye mkongo. Ni sawa na vijiji vitano kuchota kwenye bomba moja, wa mwisho anapata matone hasa jioni watu wakiwa nyumbani. Na mwisho kuna umeme. Minara mingi ya vijijini inaendeshwa na sola na betri au jenereta, betri zikizeeka mtandao unakata usiku wa manane na kurudi jua likipanda. Mkiona mtandao wenu unapotea saa zilezile kila siku, shukuni umeme kwanza kabla ya kitu kingine.

Sasa kuhusu maneno ya majukwaani. Hapana, hii sera ipo na ina meno kiasi chake. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ule UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kampuni za simu zinachangia sehemu ya mapato yao, fedha zinaingia mfukoni, mfuko unatafuta kata ambazo hakuna kampuni itaenda kwa hiari yake kwasababu haioni faida, unatangaza zabuni, na kampuni inayoomba ruzuku ndogo kwa masharti yaleyale ndo inapewa kazi. Tarehe 13 Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713, fedha nyingine zikitoka mradi wa Tanzania ya Kidijitali unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Bila hiyo ruzuku hiyo minara isingejengwa, hata mngengoja miaka 20, kwasababu hesabu ya biashara peke yake haifiki huko.

Lakini angalia kitu kimoja kwenye mpango uleule. Pamoja na minara mipya kulikuwa na minara 304 ya zamani ambayo ilitakiwa kuongezwa nguvu kutoka 2G kwenda 3G na 4G. Yaani serikali yenyewe iliona kwamba kuna wananchi walishahesabiwa wamefikiwa na mawasiliano ilhali hawawezi hata kufungua fomu. Ndo udhaifu wa ruzuku ya aina hii: inalipia kujenga, ila baada ya hapo dizeli, mlinzi, betri na matengenezo ni mzigo wa kampuni, na kama kijiji hakinunui bando la kutosha kampuni haina haraka ya kuongeza chochote. Kwa maoni yangu mkataba wa ruzuku unapaswa kutaja kasi ya intaneti inayopimika, saa ambazo mnara lazima uwe hewani, na adhabu ikishindikana, kwa miaka kadhaa na sio siku ya uzinduzi tu. Hapo ndo pa kubana, na wabunge wanaweza kubana.

Haya tuache mnara. Hata kama kesho mngeamka na 4G safi, ningeogopa bado, na sababu ni hii. GSMA, ambao ni umoja wa kampuni za simu duniani, walipiga hesabu kwa mwisho wa mwaka 2023 wakakuta Afrika kusini mwa Sahara watu kama 13 kati ya 100 wanaishi mahali ambapo intaneti ya simu haifiki kabisa, lakini 60 kati ya 100 wanaishi mahali inapofika na hawaitumii. 60, Mwalimu! Pengo kubwa liko kati ya mnara na mkono wa mtu. Ni wale wazazi wenu wa kitochi. Na huko katikati serikali ina nguvu kuliko hata kwenye minara, kwasababu huko kuna kodi, kuna bei, kuna vitambulisho na kuna namna huduma za serikali zenyewe zinavyotolewa.

Chukua bando. Tanzania huduma za mawasiliano zina ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 alafu juu yake VAT asilimia 18. Ukipiga hesabu, kwenye kila shilingi 1,000 unayotoa kununua bando kama 275 inaenda kwenye hizo kodi mbili. Mtu wa mjini mwenye mshahara hatikisiki sana, ila mama anayeuza mboga anaamua leo anunue bando au sabuni. Wenzetu wamepitia hukuhuku: Uganda Julai 2018 waliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kutumia mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN, yaani programu za kupitia njia ya pembeni, na wengine wakaacha kabisa, mwaka 2021 ikaondolewa na badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Kenya walipandisha ushuru wa muda wa maongezi na data hadi asilimia 20 mwaka 2021 kisha 2023 wakaurudisha 15. Sisemi kodi ifutwe yote, serikali inahitaji fedha na hospitali zinajengwa kwa hizohizo, nasema huwezi mkono mmoja ukatoa ruzuku ya mnara na mkono mwingine ukaweka bando mahali ambapo huyo wa chini hafiki, alafu ukashangaa kwanini hawatumii.

Na hapa nitoe angalizo manake kuna watu wanadhani kufuta kodi ni dawa ya moja kwa moja. Bajeti ya 2021/22 Tanzania ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, nia ilikuwa nzuri kabisa, watu wengi zaidi waingie mtandaoni. Mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa, na hoja iliyotolewa ni kwamba mnunuaji wa mwisho hakuuona. Hiyo inauma lakini inaeleweka, ukimpa nafuu mwagizaji bila kufuatilia bei ya dukani ile nafuu inaishia njiani. Mimi naona kosa halikuwa kwenye kusamehe. Ilitakiwa msamaha ulenge simu za bei ya chini peke yake, chini ya kiwango fulani kinachotajwa wazi, na bei za rejareja zifuatiliwe tangu siku ya kwanza, sio kungoja mwaka uishe ndo uulize.

Bando bure? Naelewa hamu ya watu ila sishauri mlipiganie hilo. Bando la kugawa linaisha, kwanza mwenye kitochi halimfai kitu, na fedha zake zitatoka mfuko uleule wa minara. Kuna vitu viwili vya bei ndogo zaidi. Cha kwanza, tovuti za serikali na za elimu zifunguke bila kukata bando, kampuni na mdhibiti wakikubaliana inawezekana. Cha pili ndo nakipenda zaidi: huduma za msingi zipatikane kwa ile menyu ya nyota na reli. Serikali tayari ina *152*00# ambayo inafanya kazi kwenye kitochi, hata matokeo ya NECTA watu wanaangalia humo. Menyu hizo hazitumii intaneti kabisa, zinapita kwenye njia ileile ya mawimbi inayoanzisha simu ya kuongea, ndo maana pale penye E au hata pasipo na E bado zinafunguka na pesa mnatumiana. Kila wizara ikizindua mfumo mpya swali la kwanza liwe hili, je mwenye kitochi anaingilia wapi?

Starlink ni kweli inafanya kazi, Rwanda na Kenya wanayo kihalali tangu 2023, na kwa shule, zahanati au ofisi ya kata isiyo na mkongo karibu inaweza kuwa msaada mkubwa sana pale mamlaka zinaporuhusu. Ila lile sahani linahitaji umeme muda wote, lina bei ya kununua na malipo ya kila mwezi, na bado mwenye kitochi amebaki palepale. Msisimamishe madai yenu mengine eti mnasubiri satelaiti. Na asiwadanganye mtu kuleta kifaa cha magendo, mkikamatwa na kifaa kisicho na kibali anayeumia ni mwalimu mkuu.

Kuhusu simu za mkopo, kulipa kidogokidogo kila siku kama walivyoanza Kenya mwaka 2020 kwa shilingi 20 zao kwa siku, zimewafikisha wengi ambao wasingeweza kutoa fedha mkupuo. Ni njia nzuri kwa mwenye kipato cha kila siku. Kwa mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka baada ya kuuza tumbaku ni mtego, manake ukikosa kulipa simu inajifunga, na ukijumlisha yote unakuta umelipa zaidi sana ya bei ya dukani. Mzazi apige jumla yote kabla ya kusaini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko yote na halisemwi sana. Serikali inavyohamisha huduma kwenda mtandaoni bila kumwachia mtu dirisha lingine, inaongeza pengo kwa mkono wake yenyewe. Kaa nusu siku kwenye steshenari yoyote ya makao makuu ya wilaya msimu wa mikopo utaona. Kijana anafika na cheti cha kuzaliwa, kwanza kihakikiwe mtandaoni na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kisha afungue akaunti kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, alipie 30,000 kwa kontro namba, aprinti fomu, akaitafutie sahihi ya serikali ya kijiji na ya hakimu au wakili, aiskani, aipakie. Akikosa sahihi moja ni nauli nyingine. Na yule mwenye steshenari ana daftari, kubwa la kurasa nyingi, kila mstari jina la mtoto, namba ya kidato cha nne, na nywila yake kwa kalamu ya bluu, na barua pepe aliyowafungulia mara nyingi ni ya kwake mwenyewe. Hana nia mbaya, anawasaidia watu ambao hakuna mwingine anayewasaidia, lakini daftari likipotea au akihamisha duka mtoto hawezi tena kuingia kwenye akaunti yake kukata rufaa.

Hilo ni suala la sera na lina majibu yanayojulikana. Kenya wana Huduma Centre tangu 2013, unakuta mtu wa serikali dirishani anakusaidia huduma nyingi mahali pamoja. Rwanda mfumo wao wa huduma za serikali mtandaoni, Irembo, una mawakala waliosajiliwa hadi huko vijijini, unamlipa ada ndogo inayojulikana na yeye anawajibika. Kwetu nako vituo vya Huduma Pamoja vimeanza kwenye ofisi za Posta. Kata kama yenu haihitaji jengo jipya. Inahitaji kompyuta mbili, skana, sola, intaneti ya kuaminika, na kijana mmoja aliyefundishwa na kusajiliwa, kwenye ofisi ya kata au chumba cha shule. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kikundi cha vijana kinaweza kuombea hiyo kazi na ikawa biashara yao halali.

Nigusie vifaa vya shule kwa ufupi. Kenya kuanzia 2016 waligawa zaidi ya vifaa milioni 1 kwa shule za msingi, na kilichokwamisha shule nyingi baadaye kilikuwa chaji, ulinzi, mafundi na walimu ambao hawakuwa wameandaliwa. UCSAF nao wanapeleka kompyuta mashuleni na kufundisha walimu vyuoni. Mkiletewa kompyuta, siku hiyohiyo ulizeni fundi ni nani na bajeti ya kutengeneza iko kifungu gani, kama hakuna jibu andikeni barua kabla hazijaharibika.

Kwahiyo mdai nini, na kwa nani? Hapa inabidi uende mwenyewe, mimi wa mbali siwezi kujua mnara wenu una tatizo lipi kati ya yale niliyotaja. Kwa wiki mbili andikeni kwenye karatasi: tarehe, saa, mahali, herufi iliyoonekana kwenye simu, na kama ukurasa ulifunguka. Wapeni kazi hiyo wanafunzi, wataifanya vizuri sana. Pigieni kampuni yenye mnara na mchukue namba ya malalamiko. Wasiposhughulikia, pelekeni karatasi na hiyo namba ofisi ya kanda ya TCRA, ambao ndo mdhibiti wa mawasiliano, na nakala kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Nakala nyingine iende UCSAF Dodoma, maana ule mnara umejengwa kwa fedha zao na wana haki ya kuuliza masharti yalitimizwa au la. Diwani alisemee kwenye kamati ya maendeleo ya kata liingie kwenye mihtasari. Afisa TEHAMA wa halmashauri mwoneni ana kwa ana, yeye ndo anajua mkongo umeishia wapi na kama ofisi ya kata au zahanati ipo kwenye mpango wa kuunganishwa. Lalamiko la maneno tu linajibiwa na maneno, ila lenye saa na mahali fundi lazima atumwe.

Na NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, msiisahau. Laini bila alama za vidole na namba ya utambulisho haisajiliwi, tuliona Januari 2020 watu walivyofungiwa, kwahiyo mwenye miaka 18 asiye na namba anatumia laini ya mjomba, na hapo hata pesa yake na kontro namba zake ziko kwa mjomba. Ombeni kupitia mtendaji wa kata timu ya usajili ije shuleni kwa siku moja, inawezekana kabisa na wilaya zingine wanafanya. Mtu akipiga *106# anaona laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake.

La mwisho ni lako Mwalimu na halihitaji ruhusa ya yeyote. Kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa, waite vijana wa kidato cha sita waliorudi kijijini, hata kwa simu yako moja, kila mmoja afungue barua pepe yake mwenyewe, aweke nywila anayoijua yeye, aiandike kwenye karatasi na kuiacha nyumbani kwa mzazi. Uhakiki wa RITA nao uanze mapema kwasababu ndo unaowachelewesha wengi. Wakifika steshenari waingie kwa barua pepe hiyo na wakatae kuandikwa kwenye daftari.